Simu Aliyoipiga Angie: Mhadhara kuhusu Filamu ya Ken Loach na Biashara ya Vibarua

Ndugu wasikilizaji, filamu ya It's a Free World… iliyoongozwa na Ken Loach, ikaandikwa na Paul Laverty na kuoneshwa katika tamasha la Venice mwaka 2007, wengi wenu mmeiona, kwa hiyo sitapoteza muda kusimulia kisa chote. Nimekuja kupinga maelezo ninayoyasikia kila inapojadiliwa, kwamba Angie, mhusika mkuu wa filamu hiyo, ni mwanamke mwenye roho mbaya na kwamba roho yake inatosha kueleza yaliyowapata wafanyakazi wake. Haitoshi hata kidogo, na anayeridhika na jibu hilo ameikimbia filamu yenyewe.

Angie anaanza akiwa mtu wa kuonewa. Anasajili vibarua nchini Poland kwa niaba ya wakala wa London, anamkataa bosi aliyemshika mwili baani, na anafukuzwa kazi huku ana madeni na mtoto anayelelewa na babu na bibi yake. Akishirikiana na Rose, rafiki anayeishi naye, anaanza kugawa vibarua asubuhi na mapema kwenye uwanja ulio nyuma ya baa: wanaume wamesimama wakingoja, naye anachagua nani apande gari na nani arudi kesho. Mwanzoni hataki kuwagusa wasio na hati. Kisha mteja mmoja anamweleza kwamba mhalifu aliyekutwa na wafanyakazi wasio na vibali aliambulia barua ya onyo tu, na tangu siku hiyo pasi bandia si jambo la kutisha tena. Hapigi hatua hata moja bila sababu ambayo mtu mwenye akili timamu angeweza kuitetea.

Sasa nifike kwenye simu, na mniwie radhi nikikaa hapo. Angie huyu huyu alimkuta Mahmoud, mkimbizi kutoka Iran, akijificha na mke na watoto katika jengo baridi lisilofaa kuishi binadamu, akawachukua kwake na kuwalisha. Ule wema ulikuwa wa kweli. Wanaosema alikuwa akijifanya hawakumtazama usoni. Baadaye anahitaji mahali pa kuwalaza vibarua wapya, na kuna kambi iliyojaa watu wasio na hati, familia za aina ile ile aliyoikalisha mezani pake. Anainua simu na kuwaarifu maofisa wa uhamiaji ili kambi iachwe wazi. Hapigi mtu, hamtukani mtu. Kazi chafu itafanywa na dola, kwa mujibu wa sheria, na yeye atapata vitanda. Rose, ambaye amevumilia mengi kabla ya hapo, anashindwa kuendelea naye.

Najua nitakaloambiwa, maana nimeambiwa mara nyingi: mama mwenye mtoto afanyeje? Swali hilo linanichosha, kwa kuwa humsahau baba wa familia ile, ambaye naye ana watoto. Anayeuliza ameshaamua ni watoto wa nani wahesabiwe, na uamuzi huo ndio uliomwezesha Angie kupiga simu ile. Wengine husema vibarua walikwenda kwa hiari yao. Walikwenda, ndiyo, lakini hakuna aliyekubali kufanya kazi wiki nzima kisha asilipwe, wala kulala kwa zamu katika chumba kimoja huku kodi ikikatwa kwenye ujira wake kichwa kwa kichwa.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Februari 2004 Wachina wasiopungua 21 waliokuwa wakiokota kombe usiku walikufa maji katika ghuba ya Morecambe, na mwaka huo huo Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwapa leseni mawakala wa vibarua. Sheria hiyo ililenga mashamba, uokotaji wa kombe na usindikaji wa vyakula. Wajenzi waliachwa nje, na Angie anapeleka watu wake kwenye ujenzi. Baba yake Angie, anayehoji mjukuu wake atapata kazi gani katika soko la namna hiyo, anastahili mhadhara wake peke yake, leo namwacha.

Lakini siwezi kuondoka bila kutaja mawakala wetu wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam wanaowapeleka wasichana Saudi Arabia na Oman kwa kazi za ndani, chini ya kafala, mfumo wa udhamini ambako kibali cha ukaazi kimefungwa kwa mwajiri. Msichana akimkimbia mwajiri anayemnyima mshahara au kumpiga, anaweza kushtakiwa kuwa mtoro, na pasi yake mara nyingi imo kabatini mwa huyo huyo anayemkimbia. Wakala aliyempokea kijijini huyajua hayo kabla hajamkatia tiketi. Wamo humu ukumbini waliopitia mikononi mwa mawakala hao, na ninaomba maswali yaanze kwao.