Mataa hayamwoni mwenye baiskeli

(Mhadhara uliotolewa Tabora mbele ya wanafunzi, madereva na maofisa wa manispaa)

Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Na ninyi vijana wa bodaboda mliokaa karibu na mlango ili muwahi abiria, sogeeni mbele, viti vipo. Mwangaluka.

Nimeombwa nizungumzie uongozaji wa magari mijini na teknolojia inayokuja. Mada ni pana, nitaibana. Ninachotaka kusema ni hiki: mtambo wa barabarani humhudumia yule tu unayemwona, na mitambo mingi inayouzwa duniani imefundishwa kuona gari. Hapa kwetu wengi wa wanaotumia barabara hawamo ndani ya gari.

Kwa kuwa huu ni mji wa reli, nianze na deni letu kwenu. Mataa ya barabarani yalizaliwa relini. Mwaka 1868 mhandisi wa reli, John Peake Knight, alisababisha isimamishwe nguzo nje ya Bunge la Uingereza, London. Ilikuwa na mikono ya kupanda na kushuka, kama ile ya ishara za treni, na usiku iliwaka taa ya gesi, nyekundu na kijani. Askari alisimama chini akiiendesha. Januari 1869 gesi ikalipuka, askari akaungua vibaya, na mpango ukafa. Mataa ya umeme yalikuja Cleveland, Marekani, Agosti 1914, mwaka uleule reli iliyopita hapa Tabora ilipofika Kigoma. Tofauti ni kwamba relini kipande kimoja cha njia hupewa treni moja kwa wakati mmoja, na sijawahi kusikia treni imechomekea.

Sasa, mataa hufanya nini? Watu wengi wanadhani yanaondoa foleni. Hapana, yanagawa muda tu, na katika kuugawa yanaupoteza. Kila zamu inapobadilika, dereva wa kwanza huchelewa kuondoka, wa mwisho humalizia kupita, kisha pande zote hubaki nyekundu kidogo ili katikati pawe wazi. Mwaka 1958 Mwingereza aitwaye Webster alitoa kanuni ya kupanga urefu wa mzunguko, yaani muda wa kila upande kupata zamu yake mara moja, na wahandisi tunaitumia mpaka leo. Chukua sekunde zinazopotea katika mzunguko mmoja, zidisha kwa moja na nusu, ongeza tano. Jibu ligawe kwa sehemu ya uwezo wa njia panda ambayo bado haijatumika.

Tuipige hapahapa. Njia panda inapoteza sekunde 10 kila mzunguko. Kumi mara moja na nusu ni 15, ongeza tano, 20. Ikiwa nusu ya uwezo imetumika, 20 gawa kwa 0.5, mzunguko unaofaa ni sekunde 40. Ikijaa kufikia asilimia 80, unagawa kwa 0.2, unapata 100. Ikifika asilimia 90, ni sekunde 200. Tazameni hapo: kutoka 80 hadi 90 magari yameongezeka kidogo tu, lakini mzunguko umekuwa mara mbili. Zaidi ya dakika tatu! Hakuna dereva wa daladala atakayekaa kimya muda wote huo, ataanza kutanua.

Hapo ndipo trafiki anapoingia katikati na kuongoza kwa mkono. Dar es Salaam watu wanamlaumu sana, wanasema amevuruga mataa. Mimi namtetea nusu. Trafiki anaona gari la wagonjwa limekwama nyuma, anaona mkokoteni umepasuka tairi, mambo ambayo taa haiyajui. Asichokiona ni njia panda inayofuata. Anaachia upande mmoja kwa muda mrefu, walioachiwa wanamsifu, kumbe ameihamishia foleni kwa mwenzake wa mbele.

Nirudi kwenye kanuni ya Webster, maana ina mlango wa nyuma. Huo uwezo uliotumika tunaupataje? Kwa kuhesabu, na kila chombo hugeuzwa kuwa gari dogo. Katika jedwali la Waingereza, basi ni magari 2, lori 2.3, pikipiki 0.4, baiskeli 0.2. Kwa hiyo baiskeli tano ndiyo gari moja. Sasa mchukueni jamaa anayeingia mjini asubuhi na magunia mawili ya mkaa nyuma, moja limepandishwa juu ya jingine. Haketi, anaisukuma huku ameshika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mwingine. Upana wake unakaribia wa gari. Taa ikiwa kijani anahitaji kwanza kuuamsha mzigo, na gurudumu likiingia kwenye shimo anasimama kabisa. Jedwali linasema 0.2. Na mwenda kwa miguu hayumo kabisa kwenye jedwali. Yeye hupewa muda wa kuvuka, mara nyingi kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12 inampa sekunde 10. Bibi mwenye ndoo anayekwenda mita 0.8 anahitaji 15. Sekunde tano zilizobaki anazimalizia mbele ya bampa.

Kwenye teknolojia mpya ni vilevile, ila kwa gharama kubwa zaidi. Kuna koili za waya zinazofukiwa chini ya lami, zinahisi chuma kikipita juu yake na kuiambia taa kuna mtu. Gari zinalihisi vizuri. Pikipiki inategemea imesimama wapi. Baiskeli mara nyingi haihisiwi, na mwenye baiskeli anaweza kungoja kijani ambacho hakiji mpaka gari litokee nyuma yake. Kamera zenye akili mnemba ni bora zaidi, lakini hujifunza kwa picha. Kama picha zilizofundishia hazikuwa na guta lililojaa viroba wala bajaji, msishangae zikikosea hesabu.

Ramani za kwenye simu nazo? Hukisia foleni kwa simu za intaneti zinazopita barabarani. Februari 2020 msanii Simon Weckert alitoa video akivuta kitoroli chenye simu 99 mitaa ya Berlin, na ramani ikaonyesha foleni kwenye barabara tupu. Geuzeni mfano huo: mtaa uliojaa watu wenye vitochi, zile simu ndogo zisizo na intaneti, kwenye ramani ni mtaa mtupu.

Sisemi teknolojia ni mbaya. VTS, mfumo wa kufuatilia vyombo vya usafiri ambao LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wanautumia kufuatilia mabasi ya mikoani, unafanya kazi yake kwa sababu umelenga kitu kimoja kinachojulikana, mwendo wa basi.

Kwa Tabora ningeanza na kalamu. Wanafunzi wakae kwenye njia panda za kwenda sokoni na stesheni, wahesabu kila robo saa, na safu ya waenda kwa miguu iwe ya kwanza kwenye karatasi. Warudie msimu wa tumbaku malori yakizidi. Baada ya hapo ndipo tuzungumze ununuzi. Na mara nyingi, kwa mji wa ukubwa huu, hesabu itasema jengeni kiplefti. Njia panda ya kawaida ya barabara nne ina sehemu 32 ambapo njia za magari zinakutana au kukatana. Kiplefti cha mstari mmoja kina 8. Tena umeme ukikatika kinaendelea na kazi. Sharti lake ni moja, aliyemo ndani apite kwanza. Waingereza wenyewe waliifanya kuwa sheria mwaka 1966, na kabla ya hapo viplefti vyao vilikuwa vinajifunga, walio ndani hawatoki kwa sababu ya wanaoingia.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna kijana ameniuliza pale nje kama hayo yote yatavihamisha vijiwe vyao. Vingine, ndiyo. Kijiwe kikae baada ya njia panda, kisiwe kabla yake, ili anayeshuka asitokeze mbele ya gari linalokunja na pikipiki zinazongoja zisizibe macho ya dereva. Na mchoro ukianza kuchorwa manispaa, nendeni mkaulizie kijiwe chenu kimewekwa wapi kabla lami haijamwagwa.