Daftari nililozunguka nalo Majengo

Jambo yenu, walimu wapya. Nimeombwa nieleze jinsi ya kuzoeana na wazazi wa wanafunzi. Nitawasimulia mambo yaliyonipata mwenyewe hapa Goma, mashariki mwa Kongo, kwa sababu makosa yangu watoto wa watu ndio walioyalipia.

Nilifika Septemba 2010 kutoka Lubumbashi, nikapewa darasa la sita katika shule ndogo ya mbao huko mtaa wa Majengo. Kiswahili ninacho, nikadhani kinatosha. Siku ya kwanza nikaandika ubaoni: «Eleza nyumba uliyozaliwa.» Darasa likanyamaza. Msichana mmoja akagusa sakafu kwa mguu, akasema, «Mwalimu, yetu iko huku chini.» Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, moto ulipita katikati ya mji ukaingia ziwani, na watu wakarudi kujenga juu ya mawe yaleyale. Wengine darasani walikuwa wamekimbia vita Masisi na Rutshuru. Hao hawakuandika hata mstari mmoja.

Nikaona dawa ni kuwatembelea wazazi. Nikanunua daftari. Kila jioni nikawa napita nyumba kwa nyumba, juu ya mawe ya volkano yanayokata viatu, nauliza: jina la baba, jina la mama, watoto wangapi, kwenu ni wapi, mnakula mara ngapi kwa siku. Nilitaka kujua nani anakuja shuleni na njaa. Lakini mnaijua Goma. Mgeni anayeandika majina ya watu, kama si wa shirika la misaada, basi ni wa upelelezi. Walioniona mpelelezi walinipa majina ya uongo, na siwalaumu. Walioniona mtu wa misaada walikuja Jumamosi asubuhi, akina mama kama thelathini, na mifuko mitupu na madumu, wakapanga mstari mbele ya mlango wa shule. Baadhi yao walikuwa wameacha biashara ya siku nzima. Ikabidi niwaambie kwamba hakuna unga wala mafuta. Hakuna aliyenitukana. Walikunja mifuko, wakaondoka mmoja mmoja.

Halafu kuna prime, pesa ambazo wazazi walitoa kila mwezi ili kuwalipa walimu. Kabla elimu ya msingi haijafanywa bure mwaka 2019, sisi tuliishi kwa pesa za wazazi, na direkta wa shule alikuwa akitusomea majina ya watoto wa kutoa nje kwa kutolipa. Oktoba nilimtoa mvulana mmoja. Jioni hiyohiyo nikaenda kwa mama aliyekuwa akinikopesha sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tangu nifike, nikamkuta mvulana yule kando ya beseni, anapanga mafungu. Mama akanifungia samaki kama kila siku, hakudai kitu. Mimi namdai prime ya mwezi mmoja, yeye ananidai sambaza za majuma matatu, na aliyefukuzwa ni mtoto wake! Ninyi hamtashika orodha ile, na namshukuru Mungu. Najua pia kwamba wako kati yenu wanaofundisha bila serikali kuwalipa; hilo ni la kupigania, lakini si kwa kumtoa mtoto nje.

Kesho yake nilimrudisha darasani. Jioni nikaacha daftari nyumbani, nikaenda kumwomba mama yake msamaha. Alinipa kigoda, akaniuliza swali ambalo mimi nilikuwa nimelipeleka mlango kwa mlango: «Na weye, mwalimu, kwenu ni wapi?» Mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyepata nafasi ya kuniuliza.

Nikajibu Lubumbashi. Akangoja. Ndipo nikamwambia kwamba nilizaliwa Likasi, mji wa Katanga, kwamba baba yangu ni mtu wa Kasai, na kwamba mwaka 1992, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, nilikuwa na miaka minane na tulilala siku nyingi kwenye stesheni ya treni, tumezungukwa na magodoro na sufuria, kabla hatujakimbilia kwa mjomba Lubumbashi. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote Goma habari hizo.

Akamwambia mwanawe asogeze beseni, akakaa karibu. Kisha akanitajia kijiji chao.