Nimepanda vilima vya Lisbon, nikaikuta Kilwa

Haya wadau, shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu mambo vipi. Leo siko Hamburg. Haya maji nyuma yangu ni mto Tejo, unakaribia kuingia baharini, na lile daraja jekundu linaitwa Daraja la Aprili 25. Niko Lisbon, Ureno, peke yangu. Kwa wale mnaoniuliza kila mara habari za viza: kibali changu cha ukaazi cha Ujerumani kinatosha, sikuomba viza nyingine.

Saa hizi ni jioni, miguu inawaka moto. Ila siwezi kulala bila kuwasimulia siku ya leo, hasa ninyi wa Kilwa Masoko, Kivinje, na wote wa Lindi.

Nikiwa darasa la sita, mwalimu wetu alituvusha kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Alituonyesha Msikiti Mkuu, akatupeleka Husuni Kubwa, mwisho akatusimamisha mbele ya Gereza, ile ngome ya zamani. Akasema, dhahabu iliyopita hapa ilichukuliwa na Wareno. Mwenzetu mmoja akauliza, sasa ipo wapi? Mwalimu akajibu, "Ipo kwao." Basi. Tukarudi kwenye mashua. Mimi neno lile sikulisahau, na ndilo lililonileta huku.

Sasa asubuhi. Wenyeji husema mji huu umekaa juu ya vilima saba, na kila ukidhani umefika kileleni, unakuta ngazi nyingine zinakungoja. Nilitaka kupanda tramu ya 28, ile ya manjano mnayoiona kwenye picha, lakini foleni pale Martim Moniz ilikuwa ndefu mno, nikaamua kwenda kwa miguu. Njia zake ni vijiwe vidogo vya chokaa vilivyopangwa kwa mkono, vimesuguliwa na nyayo za watu hadi vinang'aa. Jamani, vinateleza! Mkija, njooni na viatu vyenye soli ya mpira inayoshika. Mimi nilijishika ukutani mara mbili.

Nilianza na Senhora do Monte, kilima kirefu chenye kikanisa juu. Ukisimama pale unaona ngome ya São Jorge, mapaa mekundu yanashuka hadi mtoni, na ng'ambo sanamu ya Yesu amenyoosha mikono. Nikakaa nikala mkate wangu. Kisha nikateremka Alfama, mtaa wa zamani kabisa, jina lake limetoka kwenye Kiarabu, al-hamma, kwa sababu ya chemchemi za maji moto. Vichochoro vyake vingewafaa watu wa Mji Mkongwe: unapita ubavu ubavu, nguo zimeanikwa juu ya kichwa chako, redio inaimba ndani ya nyumba usiyoiona.

Kwenye ngazi za huko nikamkuta bibi mmoja mzee na mifuko miwili ya viazi. Kila baada ya ngazi tano anasimama, anashika kiuno. Nikamwamkia kwa ishara, nikamwomba mfuko mmoja, akanipa. Tukapanda pamoja taratibu hadi mlangoni kwake. Akafungua, akaninyooshea kidole ndani, akasema maneno mengi, mimi nikadaka moja tu: mesa. Nikauweka mfuko juu ya meza. Akachukua bilauri, akasema copo, akanijazia maji. Wadau, nilisimama jikoni kwa mtu nisiyemjua, sijui Kireno hata kidogo, na nimeelewa. Meza, kopo, bendera, karata, leso, mvinyo, nanasi, yote hayo yametoka kwao. Hata gereza ni neno lao la kanisa, igreja. Miaka yote nimelitamka neno Gereza pale Kisiwani bila kulijua.

Baadaye nikashuka Baixa, mji wa chini, barabara zimenyooka kama zimepigwa rula. Sababu ni msiba: tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko liliuangusha mji, bahari ikapanda, kisha moto ukala kilichobaki. Ukitazama juu unaona kanisa la Carmo halina paa mpaka leo, wameliacha hivyo.

Mchana nikachukua tramu ya 15 hadi Belém. Hapo ndipo Vasco da Gama, yule baharia wa Kireno, alipoondokea Julai 1497, na Aprili 1498 akawa Mombasa, halafu Malindi. Kaburi lake lipo kanisani, kwenye monasteri ya Jerónimos, ukiingia tu. Ni jiwe jeupe, yeye amechongwa amelala, viganja vimeunganishwa, na chini wamemchongea jahazi. Alifia Kochi, India, mwaka 1524, mifupa ikarudishwa. Watu walikuwa wanapiga picha, wanacheka. Mimi sikuweza. Huyu ndiye aliyekuja Kilwa mwaka 1502 na mizinga, akamlazimisha mtawala wetu, Amiri Ibrahim, kutoa kodi ya dhahabu, dhahabu iliyokuwa ikipandishwa na majahazi kutoka Sofala. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Almeida, akaja na merikebu nyingine, wakaupora mji wenyewe. Nilisimama nikasoma Fatiha kwa ajili ya wazee wetu, nikatoka.

Haya, sasa lile lililonileta. Nikapanda tramu ya kurudi, nikashukia njiani, nikakwea ngazi, tena ngazi, hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Wenyewe wanayaita Madirisha ya Kijani. Nikamwonyesha mlinzi picha kwenye simu, akanielekeza.

Ipo kwenye kabati la kioo. Wakatoliki mnakijua chombo hiki, monstransi, kile cha kuwekea Ekaristi waumini waiabudu. Hiki kinaitwa Custódia de Belém, kilitengenezwa kwa ajili ya monasteri ile ile niliyotoka, na fundi wake anatajwa kuwa Gil Vicente. Kimo chake kama kutoka sakafuni hadi katikati ya paja langu. Mitume 12 wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na joho lake la rangi, wadogo kuliko kidole changu, lakini unaona mikunjo ya nguo. Chini kwenye tako kuna ndege na maua. Ni kazi nzuri, nasema kweli, mikono iliyoifanya ilikuwa na ufundi mkubwa. Na dhahabu yake ni yetu, maneno hayo wameyaandika wao wenyewe. Ukingoni kumezungushwa maandishi kwamba mfalme Manuel wa Ureno aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika 1506.

Nililizunguka kabati mara tatu nikitafuta. Herufi ni za zamani, V inasimama badala ya U. Nikainama hadi pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo, nikafuta kwa mtandio, na hapo nikaiona: Q, I, L, V, A. Nikaisoma kwa sauti. Mama mmoja wa Kizungu akageuka kunitazama, nikamwambia kwa Kiingereza, huko ndiko nyumbani. Akaja akainama na yeye, nikamwonyesha kwa kidole.

Nilikaa mbele yake mpaka wakaanza kufunga. Nililia, sitawaficha.

Mwalimu, kama unanitazama huko Masoko, shikamoo. Ipo. Ipo kwenye kabati la kioo, inang'aa, na jina letu wameliandika kwa Q.