Mkanda wa gari unakuokoaje hasa?

Karibuni jamani, sogeeni mbele huku siti zipo, tuanze maana muda wenyewe mdogo.

Kila mtu anajua mkanda unaokoa, ila ukiuliza unaokoaje utasikia "unakushika usiruke", basi. Sasa gari likigonga, migongano ni mitatu: gari na kile lilichogonga, halafu mwili wako na gari lenyewe, halafu ubongo, ini, wengu na mishipa mikubwa ya damu vinajigonga au kuchanika humo humo ndani yako. Huu wa tatu ndo mbaya, haujionyeshi, mtu anashuka anatembea anasema niko fiti kumbe anavuja damu tumboni.

Chukua spidi 50 tu, ile tunayoiona ndogo. Ukigonga ukuta kwa 50 ni sawa na kudondoka kutoka mita 10 hivi. Mtu wa kilo 70 akiwa kafunga mkanda, anapunguza mwendo pamoja na gari wakati bodi ya mbele inajikunja na mkanda nao unavutika kidogo, tuseme anasimama ndani ya nusu mita, basi anabanwa na nguvu kama ya tani 1.4. Asipofunga, gari linasimama yeye bado yuko 50 yake ile ile mpaka akutane na usukani au kioo, anasimama ndani ya sentimita chache, zikiwa 5 hiyo ni tani 14. Halafu kuna mtu anakwambia mi nitajishika na mikono, mikono gani hiyo?

Na hizo tani zinapita wapi? Hapa ndo akili ya Nils Bohlin, injinia wa Volvo aliyetengeneza mkanda wa pointi tatu mwaka 1959, yaani huu wa sasa unaopita kiunoni na begani: kazipitisha kwenye mifupa, yaani nyonga, kidari na bega. Ule wa kiunoni peke yake ulikuwa unapanda tumboni, unachana utumbo na kuvunja uti wa mgongo. Ndo maana ukiupitisha chini ya kwapa kwa sababu unakukera shingoni, umerudisha mzigo kwenye mbavu za chini, na ini liko hapo hapo.

Mkanda wenyewe unaumiza? Ndiyo, sifichi. Unaacha michubuko, unavunja mbavu, hasa kwa wazee. Daktari akiona alama yake tumboni anaanza kutafuta utumbo uliotoboka.

Sasa siti ya nyuma, hapa tunazembea sana. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza vifo vya wa mbele kwa asilimia 45 mpaka 50, na vifo na majeraha makubwa ya wa nyuma kwa asilimia 25, watu wakisikia 25 wanaona aah, nyuma kuna usalama wake. Wanasahau kwamba asiyefunga nyuma anamwangukia wa mbele kwa uzito wote ule, dereva kajifunga vizuri kabisa anauliwa na abiria wake mwenyewe.

Naona kuna swali la mjamzito. Afunge, tena safari zote. Wa chini upite chini kabisa ya tumbo, ulale kwenye nyonga, wa juu upite katikati ya matiti kisha pembeni ya tumbo, na asivae koti zito linaloufanya ulegee. Haya, mwingine, yule kaka wa nyuma.