Ile Tisa Baada ya Nukta

Ndugu zangu matabibu, na ninyi wenzetu wa chumba cha kumbukumbu, leo naomba tuzungumzie tarakimu moja tu. Foleni ni ndefu, mgonjwa anaketi, anasema, "Daktari, nina mawazo mengi, usingizi hauji, mwili hauna nguvu." Kalamu inaandika F32.9, namba ya orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, toleo la 10: kipindi cha sonona (huzuni ya kiugonjwa), isiyobainishwa. Nami nimeiandika mara nyingi, na najuta.

Angalieni kilichopotea. F32.0 ni nyepesi: mtu ana huzuni lakini shambani anakwenda, ingawa kwa kujikokota. F32.3 ni kali yenye saikosisi, kama mama anayesikia sauti zikimwambia anastahili kufa. Tukiwaandikia wote ile tisa ya "isiyobainishwa", ripoti ya mwezi inawahesabu kama wagonjwa wa aina moja, na anayeagiza dawa hana namna ya kujua kwamba yule mama yupo.

Muulizeni mgonjwa hali hii imeanza lini. Chini ya wiki mbili, msikimbilie F32. Mjane aliye kwenye eda akilia, kilio peke yake si sonona. Kufiwa kuna namba yake, Z63.4. Kisha ulizeni: imewahi kukupata zamani, ukapona, ukakaa miezi ukiwa mzima? Akisema ndiyo, hiyo ni F33, sonona ya kujirudia.

Swali ninalowasihi msiliache ni hili: umewahi kuwa na siku ambazo hulali na huchoki, maneno yanakutoka mbio, fedha unazitapanya, ndugu wanakushangaa? Mgonjwa hatalisema mwenyewe, maana siku zile hakujiona mgonjwa. Muulizeni na aliyemleta. Ikiwa ndivyo, tunaelekea F31, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa ya sonona ikitolewa peke yake inaweza kumrusha kwenye wazimu wa furaha. Tabibu wa zamu ijayo atafungua faili, ataiamini namba yenu, na atatibu kwa kuifuata.

Toleo la 11 la orodha hii ya Shirika la Afya Duniani lilianza kutumika rasmi Januari 2022. Humo F32 imekuwa 6A70, F33 ni 6A71. Herufi zimebadilika; maswali ya kumuuliza mgonjwa ni yaleyale.

Na ninyi wa kumbukumbu: faili la mtu yuleyule likija na tisa kwa mara ya tatu, msiliingize kwenye kompyuta. Nirudishieni mezani.