Kutojibiwa: mhadhara kuhusu raia, jirani na ofisi ya umma

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie kero ndogondogo za kila siku, zile zinazotukuta kwenye halmashauri, kwa majirani na kwenye ofisi za umma, nami nimekubali kwa moyo mmoja, kwa kuwa naamini mambo haya yanadharauliwa isivyostahili. Mtu akisimulia kwamba ameibiwa, wote hunyamaza wamsikilize. Akisimulia kwamba taa ya barabarani mbele ya lango lake haijawaka kwa miezi minane na kwamba ameshaandika barua tatu, wenzake humpa pole ya haraka na mazungumzo yakageukia kwingine, hadi naye akaanza kuona haya kwa kulalamikia taa. Lakini bandu bandu huisha gogo, na imani ya mtu kwa wale wanaomtawala, kama ilivyo imani yake kwa wale anaopakana nao, hupungua kwa vipande vidogo vya namna hii kuliko inavyopungua kwa mambo makubwa yanayotangazwa.

Nimeyafikiria malalamiko haya kwa muda mrefu, na kila ninapoyachambua nafika palepale: kinachomuumiza mlalamikaji zaidi ni kutojibiwa. Naomba nieleze kwa jambo lililonipata mwenyewe.

Mtaro unaopita mbele ya nyumba ninayoishi uliziba, na mvua iliponyesha maji yakawa yanaingia uani. Niliandika barua, nikaipeleka ofisini kwa mkono wangu, na karani wa masijala akaipokea bila kugonga mhuri kwenye nakala yangu, nami kwa ugeni wangu sikudai. Niliporudi baada ya wiki tatu niliambiwa mhusika yuko kikaoni. Safari iliyofuata nikaelezwa kwamba mitaro iliyo kando ya barabara inashughulikiwa na idara ya ujenzi, na idara ya ujenzi wakanieleza kwamba mtaro uliojaa taka ni jambo la idara ya afya na mazingira. Safari ya nne barua yangu haikuonekana. Katika safari zote hizo hakuna aliyenitolea neno baya. Wengine walinivutia kiti, na mmoja alisimama kunionyesha mlango wa ofisi niliyotakiwa kwenda. Hata hivyo nilikuwa nimepigwa danadana, kama watu wanavyosema, na niliporudi nyumbani nilijua kidogo kuliko nilivyojua siku niliyoandika barua, kwa maana siku ile angalau nilijua nani ninamwandikia.

Baadaye nilijiuliza nilichokosa hasa ni nini, kwa sababu sikutarajia kwamba mafundi wangekuja kesho yake. Kama afisa mmoja angeniambia waziwazi kwamba bajeti ya mwaka huo haina fungu la mitaro na kwamba hakuna litakalofanyika hadi mwaka mpya wa fedha, ningesikitika, kisha ningewaita majirani tukachangishana na kuzibua wenyewe. Jibu la kukataa humwachia mtu nafasi ya kupanga la kufanya. Kimya humfunga, kwa kuwa hawezi kuanza kazi ambayo huenda wenyewe wakaja kuifanya wiki ijayo, wala hawezi kukata rufaa dhidi ya uamuzi ambao haujatolewa. Nilikaa msimu mzima wa mvua katika hali hiyo.

David Maister, aliyeandika mwaka 1985 kuhusu namna watu wanavyojisikia wakiwa kwenye foleni, alionyesha kwamba kungoja kusikojulikana mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja kwa muda uliotajwa, na kwamba kungoja bila kuelezwa sababu huchosha kuliko kungoja kwa sababu iliyoelezwa. Yeye alikuwa akizungumzia wateja wa huduma za biashara, ambao wakichoshwa mahali pamoja huenda pengine. Raia hana halmashauri ya pili ya kukimbilia, na kwa hiyo uchovu wake hauna pa kutokea.

Sipendi mhadhara huu uwe wa kuwalaani watumishi wa umma, na wala sikubaliani na wanaosema urasimu wote ni uovu. Neno la Kifaransa la urasimu, «bureaucratie», lilizaliwa likiwa lawama: anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeliunda ni Vincent de Gournay, afisa wa biashara wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1759, ambaye aliunganisha neno la Kifaransa la meza ya kuandikia na neno la Kigiriki la utawala. Ni utawala wa meza, basi. Lakini Max Weber, mwanazuoni wa Kijerumani ambaye maandishi yake makuu juu ya jambo hili yalichapishwa mwaka 1922, miaka miwili baada ya kifo chake, alieleza kwa nini mfumo huu ulienea: ofisi inayofuata kanuni zilizoandikwa, inayotunza majalada, na ambayo afisa wake hutakiwa kuamua bila chuki na bila upendeleo, ina uwezo wa kumtendea mnyonge kama inavyomtendea mwenye jina. Jalada hubaki pale afisa anapohamishwa. Hilo ni jambo jema sana kwa mtu asiye na ndugu ofisini, na yeyote aliyewahi kuhudumiwa na mkubwa anayeamua kwa kufuata alivyoamka siku hiyo anajua thamani yake. Nilichokosa mimi kwenye suala la mtaro kilikuwa urasimu wenyewe: mhuri kwenye nakala, namba ya kumbukumbu, jalada linaloonekana, na jina la afisa.

Kwa nini basi ofisi hunyamaza? Michael Lipsky, mtafiti wa Marekani aliyechapisha kazi yake mwaka 1980 kuhusu watumishi wanaokutana na wananchi ana kwa ana, alionyesha kwamba mtumishi wa dirishani karibu kila mahali ana watu wengi kuliko muda na mahitaji mengi kuliko fungu alilopewa, na kwa kuwa hawezi kuwahudumia wote, hutafuta njia za kupunguza wimbi hilo bila kumkataa mtu hadharani. Foleni ni njia mojawapo, na fomu ngumu ni nyingine. «Njoo kesho» ni njia iliyo rahisi kuliko zote, kwa sababu baadhi ya walioambiwa hivyo hawarudi. Kwa mtumishi huyo, jibu la maandishi lina gharama: linahitaji muda, linahitaji saini, na likiwa na kosa litarudishwa kwake siku moja mbele ya mkaguzi. Kimya hakina gharama kwake, kwani gharama yote humwangukia anayengoja. Naamini hapa ndipo penye kiini cha tatizo, na semina za kuwafundisha watumishi kutabasamu, ambazo sizikatai, hazifiki hapa.

Mataifa kadhaa yameona jambo hili na kujaribu kukiwekea kimya bei. Ufaransa, kwa sheria ya Julai 1900, iliamua kwamba mamlaka ikinyamaza kwa miezi minne juu ya ombi la raia, kimya hicho kihesabiwe kuwa ni kukataa. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza lilinishangaza, nikidhani limemdhulumu mwombaji mara mbili. Kumbe lilikuwa msaada mkubwa: mahakama ya utawala husikiliza shauri dhidi ya uamuzi, na pasipo uamuzi mlango wa mahakama hufungwa, kwa hiyo kukigeuza kimya kuwa kukataa kulimpa raia kitu cha kushitaki. Mwaka 2000 muda huo ulipunguzwa kuwa miezi miwili. Kisha sheria ya Novemba 2013 ikageuza kanuni yenyewe, na tangu Novemba 2014 ukimya wa miezi miwili wa mamlaka za dola unahesabiwa, kwa ujumla, kuwa ni kukubali, ingawa mambo yaliyotengwa nje ya kanuni hiyo ni mengi mno.

Wapo wanaotamani kanuni hii ya kimya kuwa kibali isambae kila mahali. Mimi nina wasiwasi nayo, na wasiwasi wangu unatoka kwa jirani. Jirani yangu akiomba kibali cha kufungua karakana ya vyuma ubavuni mwa ukuta wangu, nami nikawa nimepeleka pingamizi, kimya cha ofisi kitampa yeye kibali na kuniacha mimi na kelele ambazo hakuna afisa aliyezipima wala kuzifikiria. Kosa la uzembe wa ofisi litakuwa limehamishwa kutoka kwa mwombaji likatua kwa anayepakana naye.

Navutiwa zaidi na njia ya Uswidi. Kwa sheria yake ya taratibu za utawala iliyoanza kutumika Julai 2018, mtu aliyewasilisha suala lake na kungoja miezi sita bila uamuzi ana haki ya kudai kwa maandishi kwamba liamuliwe, na mamlaka ina wiki nne ama kuamua suala lenyewe ama kulikataa dai hilo kwa uamuzi wa pekee, na kukataa huko kunaweza kukatiwa rufaa. Hakuna anayepewa kibali kwa bahati, na hakuna anayenyimwa kwa kusahauliwa. Afisa analazimika kukaa chini na kuandika. Si ajabu, kwani nchi hiyo ndiyo iliyoanzisha mwaka 1809 ofisi ya mchunguzi wa Bunge wa kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi, ofisi ambayo imeigwa katika mabara yote. Barani Afrika Tanzania ilitangulia kwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa na mamlaka kwa haraka na kwa haki, na kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoguswa vibaya.

Nimemtaja jirani, na sitaki nimwache hapo, maana nusu ya malalamiko yanayofika kwenye meza za serikali za mitaa yangeweza kumalizika ukutani kabla hayajaandikwa. Chukueni kelele za muziki, kero ya zamani kuliko zote. Sauti nzito za besi hupenya kuta kwa urahisi kuliko sauti nyembamba, na kwa sababu hiyo mwenye redio husikia wimbo mzima wa kiasi cha wastani, wakati wa upande wa pili husikia mdundo mtupu unaopiga kitandani kwake. Desibeli, kipimo chenyewe cha sauti, hudanganya: zikiongezeka desibeli 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi ya ile ya awali, ilhali sikio husikia kana kwamba imeongezeka mara mbili hivi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2009 kwa ajili ya Ulaya, lilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40, na mtu aliye ndani ya sherehe yake hawezi kukisia umbali wake na kiwango hicho. Anaweza kabisa kuwa mkweli anaposema hakujua. Anayeumia naye hunyamaza wiki baada ya wiki kwa kuchelea kuonekana mgomvi, hadi siku anapofungua mdomo maneno yakatoka yakiwa na uchungu wa miezi sita, na mwenye redio, ambaye hilo ndilo lalamiko la kwanza kulisikia maishani, akahisi ameonewa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nasema haya nikijua nami nimo. Mchanga uliokuwa umeziba ule mtaro ulitoka kwenye ujenzi wa jirani yangu wa upande wa juu, nami nilijua hivyo tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa nilikuwa nikiuona kila nilipopita. Niliona ni staha kutomwambia. Nikaandika barua kwa ofisi, ambayo ni mbali, juu ya mtu ambaye ningeweza kumbishia hodi kwa mwendo wa dakika moja, na katika barua hiyo sikumtaja hata mara moja, nikaandika tu kwamba mtaro «umeziba», kana kwamba umejiziba wenyewe. Afisa aliyeisoma, kama yupo aliyeisoma, hakuwa na njia ya kujua kwamba palihitajika agizo kwa mjenzi mmoja badala ya bajeti ya halmashauri. Nilimdai jibu nikiwa nimemnyima habari aliyoihitaji ili ajibu.

Nilipokwenda hatimaye kubisha hodi, mvua zilikuwa zimekwisha. Jirani alisikiliza, akatoka nami, akautazama mtaro kwa muda, kisha akanikubalia sehemu na kunikatalia sehemu: mchanga ni wake na angeuondoa, lakini kalvati iliyovunjika chini yake ilikuwa imevunjika kabla hajanunua kiwanja. Alikuwa anasema kweli. Niliandika barua ya pili, safari hii tukiwa na saini mbili, tukaeleza kipi ni cha nani, na nikasimama dirishani hadi nakala yangu ikagongwa mhuri na kuandikwa namba.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano. Lilikuwa la mistari sita, nalo lilikuwa la kukataa: kalvati haimo katika mpango wa mwaka huo, itawasilishwa katika mpango unaofuata, na kama wakazi wanataka kuitengeneza kwa gharama zao wanaruhusiwa kwa sharti la kutopunguza upana wake. Chini kulikuwa na jina kamili la afisa, cheo chake na saini yake. Tuliitengeneza wenyewe katika siku mbili. Barua ile bado ninayo, nimeihifadhi katika jalada moja na hati ya nyumba.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na niko tayari kwa maswali.