Tofauti Hutangulia Dhiki

Waheshimiwa wasikilizaji, kila ninapozungumza juu ya urithi hukutana na kauli moja ambayo sitachoka kuipinga: kwamba mazingira yakibadilika, viumbe nao hujibadilisha ili wayamudu. Sivyo. Hakuna kiumbe awezaye kujipatia jeni, yaani maelekezo ya urithi yaliyomo mwilini, kwa sababu anazihitaji. Kinachookoa spishi ni kwamba, kabla dhiki haijafika, watoto walikwisha kuzaliwa wakiwa hawafanani, na miongoni mwao wamo wenye tofauti ambayo jana haikuwa na faida yoyote, lakini leo ndiyo inayowaweka hai.

Mfano ninaourudia siku zote unatoka Daphne Major, kisiwa kidogo katika visiwa vya Galápagos, Bahari ya Pasifiki. Wanabiolojia Peter na Rosemary Grant walianza utafiti wao huko mwaka 1973, wakiwakamata ndege wadogo waitwao finchi, wakiwavisha pete miguuni na kuwapima midomo mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1977 mvua ilikosekana. Mbegu ndogo laini zililiwa zikaisha, zikabaki zile za jamii ya mbigili, zilizofungwa ndani ya ganda gumu lenye miiba. Ndege mwenye mdomo mnene aliweza kulipasua ganda hilo. Mwenye mdomo mwembamba alishindwa, akafa kwa njaa. Sehemu kubwa ya ndege hao iliangamia, na tofauti ya midomo kati ya waliokufa na waliopona, kwa wastani, haikufika hata milimita moja. Makinda waliozaliwa baadaye walirithi midomo minene ya wazazi wao.

Hapa daima huwapo anayeuliza kama midomo haikunenepa kwa mazoezi ya kupasua mbegu ngumu. Swali hilo ni halali, na jibu lake limo katika pete zile. Ndege hao walipimwa kabla ya ukame, na unene wa mdomo wa ndege aliyekwisha komaa hauongezeki kwa kazi. Waliopona walikuwa na midomo minene tangu mwanzo. Hakuna ndege hata mmoja aliyebadilika. Kilichobadilika ni nani aliyebaki kuzaa.

Wala mdomo mnene haukuwa bora kwa nyakati zote. Mwaka 1983 El Niño ilileta mvua kubwa, kisiwa kikajaa mimea yenye mbegu ndogo, na katika miaka iliyofuata wenye midomo midogo ndio waliofanikiwa zaidi. Laiti ukame ule ungaliufuta kabisa urithi wa midomo midogo, mbegu hizo zisingalipata ndege wa kuzifaidi ipasavyo.

Kuhusu chanzo cha tofauti nitasema kwa ufupi. Mabadiliko ya ghafla katika jeni huleta kitu kipya, na uzazi wa dume na jike huchanganya vilivyopo. Kwa binadamu, mgawanyo wa jozi 23 za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni, peke yake huweza kutoa michanganyiko zaidi ya milioni 8 katika mbegu za uzazi za mzazi mmoja, kabla hata hatujahesabu vipande ambavyo kromosomu hubadilishana.

Sasa tazameni pasipo na mchanganyiko huo. Viazi vya Ireland vilipandwa kwa vipande vya viazi vyenyewe, mmea baada ya mmea wenye urithi ule ule, na ugonjwa ulioingia mwaka 1845 uliposhinda mmoja ulikuwa umeshinda shamba zima. Najua kwamba siasa za wakati ule zilichangia sana vifo vya watu wapatao milioni moja, nami sizisahau; lakini mazao yenyewe hayakuwa na kinga ya kutofautiana.

Muda umenibana, nami nilitaka kuzungumza kwa urefu juu ya duma. Watafiti waliwahi kupandikiza ngozi kati ya duma wasio na undugu wa karibu, na miili yao haikuikataa upesi kama ilivyotarajiwa, kana kwamba kila mmoja aliitambua ngozi ya mwenzake kuwa yake, maana urithi wao umebaki na tofauti ndogo mno. Idadi ya duma inaweza kuongezeka katika vizazi vichache. Tofauti iliyopotea hairudi kwa kasi hiyo, na kirusi kinachopata njia ndani ya mmoja wao kina nafasi kubwa ya kuipata ndani ya wengine.